Ubao wa Mafuta

Sina heshima hata chembe kwa maonyesho ya sayansi ya shule, na kwa umri huu sitaanza kuwa nayo. Wiki iliyopita mjukuu wangu alileta barua ya mwalimu: wazazi wamsaidie mtoto kubuni kifaa. Mkwe wangu alichobuni ni safari ya mjini. Akanunua feni ya kutumia jua ambayo wenzetu walishaibuni zamani, akaja nayo ndani ya boksi lake. Kazi ya mtoto ni kukariri maneno ya kusema akiwa amesimama kando ya feni. Nilicheka kwa sauti, nikaambiwa bibi ana roho mbaya. Sikubisha, maana jioni ileile mkwe huyo alipaka girisi bawaba za geti, na harufu ile ikanirudisha mahali ambapo roho yangu ilianza kuwa mbaya.

Nilikulia kambini, kwenye mgodi wa almasi mkoani Shinyanga. Usikimbilie kuwaza Mwadui. Mwadui ulikuwa mgodi wa kweli. Wa kwetu ulikuwa shimo lenye uzio, na ulikufa zamani ukazikwa bila hata kibao. Lakini kwa majivuno hatukuwa na mpinzani. Tulikuwa na nyumba za juu, za mawe, walikokaa wakubwa, na nyumba za chini, za mabati, tulikokaa sisi, na upepo wa kiangazi ulilibeba vumbi lote la mgodi ukalitua kwenye ugali wetu. Wake za wasimamizi waliongea Kiswahili cha redioni. Mama yangu, aliyefika kambini na Kisukuma chake kizima, walimwita mama wa porini. Wenyewe walizaliwa porini vilevile, mwendo wa saa moja tu kwa miguu.

Jambo la kwanza alilofundishwa mtoto wa kambi, hata kabla ya shikamoo, lilikuwa kutoinama. Kuokota kitu chini lilikuwa kosa, hata kama ni kifungo cha shati lako, kwa sababu nani ajuaye umeokota nini? Ukiangusha kitu unasimama wima, unanyoosha mkono juu, unasubiri askari aje akiokote yeye, akigeuzegeuze, ndipo akupe. Gololi, mchezo wa watoto wote wa nchi hii, sisi hatukuujua. Wageni kutoka vijijini walitushangaa, watu wazima tunavyotembea shingo juu na kuacha shilingi zetu barabarani. Sisi tulidhani huo ndio ustaarabu.

Baba alifanya kazi ndani kabisa, kwenye chumba cha girisi, na kwa miaka mingi niliamini kuwa ni mpishi. Alirudi ananuka mafuta kwenye kola na kwenye kucha, mafuta mazito yasiyotoka kwa sabuni ya kipande, na hakusema neno lolote juu ya kazi yake kwa kuwa walikatazwa. Nikajumlisha mwenyewe. Nikawatangazia watoto shuleni kwamba baba yangu anawakaangia wakubwa maandazi. Aliyenizindua ni Gaspari, mtoto wa fundi mkuu wa karakana. Alinicheka mpaka machozi, akaniambia baba yako anakwangua mafuta kwenye meza, basi, hana kazi nyingine. Iliniuma sana. Mpishi angalau anaonja.

Nilipokuwa darasa la sita, Mwalimu Deogratias akatangaza maonyesho ya sayansi. Huyu alikuwa mtu wa kalamu nne mfukoni, aliyetufundisha umeme mwaka mzima kwa kuuchora ubaoni bila kutuachia tushike hata betri. Angekuja Afisa Elimu kutoka mjini, alisema, na wakubwa wote wa mgodi, na wazazi. Kila mmoja aje na kifaa chake, na akiulizwa ajibu: "Nimetengeneza mwenyewe." Tukalirudia jibu hilo mara tatu kwa pamoja. Kesho yake karakana ya mgodi ikaanza kuunguruma. Akina baba walichomelea vyuma vya mgodi, kwa gesi ya mgodi, katika saa za mgodi, wakiunda vifaa ambavyo watoto wao wangekuwa wametengeneza wenyewe.

Mimi sikuwa na baba wa karakana. Nilikaa jikoni nikalia hadi baba akauliza kuna nini, nami nikamjibu kwa jeuri kwamba hawezi kunisaidia, maana kukwangua si sayansi. Mama alinitazama kwa jicho la kutaka kunichapa mwiko. Baba hakukasirika. Aliwaza mpaka ugali ukapoa mbele yake.

"Hiyohiyo ya kukwangua," akasema, "ndiyo tutakayowaonyesha."

"Yaya, hapana, Baba Kabula," mama akaruka. "Hicho ni kitu cha ndani ya uzio. Ukikitoa nje watakufukuza. Na nyumba hii watainyang'anya siku hiyohiyo. Turudi kijijini Segese tukalime pamba kwa jembe la mkono, na watoto hawa?"

"Nitoe nini? Maji yanateremka, mafuta yananata. Mambo hayo yamo humo ndani ya sufuria yako. Nani anaweza kuyaiba?"

"Wale hawaulizi nani anaweza. Wanauliza nani yuko karibu."

Mama alikuwa na akili kutushinda wote nyumbani mle, na hakuna aliyemsikiliza.

Tulifanya kazi ile kwa Jumapili mbili baada ya misa. Baba alinyoosha kipande cha bati kwa nyundo, akakiegemeza juu ya matofali kikae mteremko. Akayeyusha mafuta ya ng'ombe pamoja na kipande cha mshumaa, akaongeza mafuta ya mgando ambayo mama alijipaka, kisha akayapaka juu ya bati kwa kisu butu, taratibu, unene wa ukucha. Juu yake akaning'iniza kopo alilolitoboa kwa msumari ili limwage maji kidogokidogo. Chini tukaweka ndoo. Kile kitu tulikiita ubao wa mafuta ingawa kilikuwa bati. Changarawe alinituma nikaichote mtoni, nje kabisa ya eneo la mgodi, ambako kuinama kuliruhusiwa, na nakumbuka niliiokota kwa haya, nikigeuka nyuma kila mara.

Nilikuwa nikisubiri atoe almasi. Niliamini kabisa kwamba mtu anayeshinda nazo kutwa hawezi kukosa moja ya kuazima. Badala yake akachukua kitana cheusi cha mama kilichong'oka meno, akakikatakata vipande vidogo, akavichanganya na changarawe.

"Kitana, baba?"

"Chovya kidole kwenye maji. Dondosha tone hapa, juu ya kitana. Unaliona? Limejikusanya, limekaa peke yake. Sasa dondosha kwenye jiwe."

Nikadondosha.

"Limetandaa," akasema. "Jiwe linavaa maji kama shati. Ndiyo maana likipita kwenye mafuta halishikwi, lina shati lake. Almasi hailowi, mwanangu. Inapita uchi, mafuta yanaidaka. Na kitana nacho hakilowi."

Akafungulia maji, akamwaga changarawe juu ya ubao. Mawe yote yakaporomokea ndooni, na vipande vya kitana vikabaki kwenye mafuta, palepale vilipogusa. Alirudia mara nne, na mara zote nne vilibaki. Alikuwa akitabasamu. Nilikuwa sijawahi kumwona akiifurahia kazi yake, na wala sikujua kwamba kuna kitu cha kufurahia. Akanieleza hata habari ya kioo: kioo ni jiwe tu, nacho kinavaa shati, nacho kinateleza. "Kung'aa na kunata ni mambo mawili," alisema. Mimi niliitikia ndiyo baba, ndiyo baba, huku nikitazama ule uchafu mweusi juu ya bati na kumfikiria Gaspari.

Niliona aibu juu ya kile kitana. Nilijua watoto wenzangu watakitambua ni cha mama, watasema kilikuwa kikichana chawa. Nikajiambia baba ni mtu wa kukwangua, hajui uzuri. Watu wanakuja kutazama almasi, yeye anawapelekea takataka. Asubuhi ya Jumamosi, mama alipokwenda bombani, nilichukua kichupa chake cha manukato. Kilikuwa kitupu, mke wa msimamizi alimzawadia kikiwa hivyohivyo kitupu, na mama alikiweka dirishani miaka miwili. Nikakifunga ndani ya kitambaa, nikakigonga kwa jiwe, nikachagua vipande vitatu vinene vya kitako, vyenye pembe. Vipande vya kitana nikavitoa kwenye changarawe kimoja kimoja, nikaweka vile vya kioo. Sikujaribu kumwaga maji nione. Nijaribu nini, wakati vilikuwa ving'avu kiasi kile?

Ukumbi ulijaa. Wakubwa walikaa mbele kwenye viti vya kuegemea, walimu pembeni, wazazi wetu wamesimama nyuma ukutani. Gaspari alileta katapila ya chuma kitupu, imepakwa rangi ya njano, iliyobebwa na wanaume wanne.

"Umetengeneza mwenyewe?" Afisa Elimu akamuuliza.

"Nimetengeneza mwenyewe."

"Vizuri sana. Na mkono huu unainuka kwa kitu gani?"

Gaspari alitupa jicho ukutani kwa baba yake. "Kwa nguvu," akajibu.

Afisa Elimu akaandika jibu hilo kwenye daftari lake. Kweli aliliandika, nilimwona. Halafu wakaja kwangu.

Nilisema maneno yangu yote bila kukosea, habari ya shati na ya uchi, na wakubwa wakaguna kwa kupendezwa, hasa walipoona vile vinavyong'aa ndani ya changarawe. Nikafungulia maji. Nikamwaga. Changarawe ikateremka kama ilivyozoea, na vile vipande vyangu vya kioo vikateremka nayo bila kusita hata mahali pamoja. Viwili vikaangukia ndooni. Cha tatu kikagonga ukingo wa ndoo, kikaruka, kikabingirika kwenye sakafu ya saruji huku kikimeremeta, kikasimama mbele ya buti la mkuu wa walinzi. Huyu tulimwita Bwana Usalama, na jina lake halisi nadhani hata mkewe alikuwa amelisahau.

"Mtu asiiname!"

Ungeuona ukumbi ule. Afisa Elimu alibaki mguu mmoja mbele, anaogopa kuushusha. Kalamu moja ya Mwalimu Deogratias ilidondoka. Akaiacha, akanyoosha mkono juu. Wazazi wakanyoosha mikono. Wakubwa wenyewe, waliotunga sheria hiyo, wakanyoosha. Jopo zima la sayansi limesimama wima na mikono hewani kwa ajili ya kitako cha chupa ya manukato.

Baba peke yake ndiye aliyesogea. Alitoka ukutani, akaja hadi kwenye meza, akautazama ubao, akatazama ndoo, kisha akanitazama mimi. Alielewa yote kwa mara moja.

"Mzee, hiki ni nini?" Bwana Usalama akauliza.

"Ni kioo, bwana mkubwa."

"Umejuaje, na hujakishika?"

"Kwa sababu kimefika chini. Ingekuwa almasi ingebaki juu ya mafuta. Hata wewe umeona kimeteremka."

"Kila mwizi ana maneno."

"Kwani mzee," Afisa Elimu akaingilia, mguu bado uko hewani kidogo, "umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La pili, mheshimiwa."

Wakacheka. Wakiwa wima, mikono juu, walicheka. Siwezi kuisimulia sehemu hii bila kutaka kutema mate. Mbele yao lilikuwa limefanyika jaribio lililo sahihi kuliko yote ya siku ile, ubao wenyewe ulikuwa umetoa ushahidi kwamba mtu huyu hakuiba, na mwenye kuusoma ushahidi huo alikuwa mmoja tu, mtu wa darasa la pili. Wenye vyeti walikuwa wakitazama kitu kinachong'aa.

Bwana Usalama akainama, yeye aliyeruhusiwa, akakiokota kile kioo kwa leso. Akaja akasimama mbele yangu. Alinuka tumbaku.

"Binti. Nani ametengeneza ubao huu? Na usiniletee hayo ya mwenyewe."

"Baba," nikasema.

"Na hivi vinavyong'aa, nani ameviweka?"

Nilimwona mama ukutani, amejiziba mdomo kwa ncha ya kitenge. Nilimwona Gaspari. Nilikuwa na miaka kumi na mbili na nilitaka kitu kimoja tu, watu wale waache kunitazama.

"Baba."

Jibu langu la kwanza huenda lilikuwa ukweli wa pekee uliosemwa na mwanafunzi ukumbini siku nzima. La pili lilikuwa uongo, na sauti yangu haikubadilika hata kidogo. Bwana Usalama akamgeukia baba na kumuuliza anasemaje.

"Mtoto ameshasema," baba akajibu, na akatangulia mlangoni bila kushikwa.

Walikaa naye hadi Jumatano. Kwa kuwa waliamini amemeza almasi nyingine, walimnywesha dawa ya kuhara, na wanaume wazima, wawili wawili kwa zamu, wakawa wanachambua choo cha baba yangu kwa kijiti. Hayo mama aliyasikia kwa mke wa askari mmoja, akanisimulia nilipokuwa mtu mzima. Kile kioo walikipeleka kwa mchambuzi wa almasi, ambaye inasemekana alikitazama mara moja tu akakitupa kwenye pipa la taka. Hakuna aliyesema samahani. Walipokosa wizi walitafuta neno jingine: baba alikuwa ametoa siri za kazi nje ya uzio. Akaachishwa, na sisi tukapewa hadi mwisho wa wiki kuondoka. Kwa hiyo siri kwamba mafuta yananata walifanikiwa kuilinda.

Zawadi ya kwanza alipewa Gaspari, kwa kusimama kando ya kazi ya baba yake. Mwalimu Deogratias alipita nyumbani Jumatano asubuhi kuchukua daftari zangu za shule, maana zilikuwa mali ya serikali, na aliposalimiwa na mama hakuvua hata kofia. Watu niliowahi kuwapa kisa hiki hunipa pole na kuniambia vyote ving'aavyo si dhahabu. Methali hiyo imeniudhi maisha yangu yote. Kioo hakikumdanganya mtu. Kilipita juu ya mafuta mbele ya macho ya wote kikaonyesha waziwazi kwamba ni kioo. Waongo tulikuwa sisi tuliosimama pale, na mimi nikiwa wa kwanza.

Baba alirudi Jumatano mchana. Uso umemnywea, suruali ameifunga kwa kamba kwa sababu mkanda wake haukurudishwa. Mama alimpokea mlangoni, wakashikana mikono muda mrefu, kisha mama akaingia ndani kuendelea kufunga mizigo. Sikuweza kuinuka kumsalimia. Nilikaa kwenye ukuta wa uani nikisubiri fimbo, na nilikuwa naitaka, nilikuwa nimeanza kuichukia kila saa iliyopita bila fimbo. Hakuja na fimbo. Alivuta kigoda, akakaa mbele yangu, akavua viatu, akavikung'uta vumbi kimoja baada ya kingine.

"Kabula," akasema. "Kile kioo kiliteleza kwa nini?"

Alikuwa amenieleza. Alinieleza kwa mdomo wake, kwa maneno mepesi ya kumfaa mtoto, Jumapili ile alipokuwa akitabasamu. Nilitafuta kichwani jibu lake nisilione, kwa sababu wakati anaeleza sikuwa nasikiliza, nilikuwa nikimdharau. Wala hata shati sikulikumbuka, mimi niliyelikariri mbele ya wakubwa siku nne tu zilizopita.

"Sijui," nikasema.

Alinitazama, hana hasira hata ya kuombea msamaha.

"Hilo neno," akasema, "lingetutosha Jumamosi."

Kisha akamwomba mama maji ya kuoga.